Piga Magoti Ndipo Upige Picha: Maswali Yenu Kuhusu Maua ya Bustanini

Vuli ikianza kunyesha na bustani zikachangamka, barua za safu hii hugeuka maua matupu. Mara hii wengi wenu mmeambatanisha na picha zenyewe, na hilo limetusaidia sana, kwa kuwa kasoro ya picha huonekana upesi kuliko inavyoelezeka. Barua zilizofanana tumejibu moja kwa niaba ya zote. Saa tulizotaja ni za Kiswahili.

Habari za kazi wahariri. Nina mawaridi ya rangi nne mbele ya nyumba. Kwa macho yanapendeza, lakini nikiyapiga picha kwa simu yanatoka madogo, udongo umejaa, na bomba la kumwagilia halikosekani. Nikisogea karibu zaidi ua linakuwa na ukungu. Ninunue simu nyingine? — Mama Ima, Njiro, Arusha

Simu haina kosa, Mama Ima. Kosa ni kimo. Picha zote tano ulizotuma zimepigwa ukiwa umesimama wima, simu ikiwa usawa wa kidevu, na mwaridi wenyewe unakufika kiunoni. Ukilishushia ua macho namna hiyo, kilicho nyuma yake hakina budi kuwa udongo, na bomba linalala udongoni. Shusha simu hadi iwe usawa wa ua lenyewe. Kwa ua lililo sentimita 60 kutoka ardhini, maana yake ni kupiga magoti, kwa hiyo tandika kipande cha gunia. Udongo utatoka kwenye picha na michongoma ya nyuma itachukua nafasi yake, nayo ni ya kijani na iko mbali, hivyo inalainika yenyewe.

Iko hesabu moja ambayo mtu akiishika amemaliza nusu ya kazi. Tuseme ua liko sentimita 30 mbele ya lenzi na michongoma iko mita 3. Ukihamisha simu sentimita 10 tu kwenda kushoto, huku ukilibakiza ua katikati ya kioo, kinachoonekana nyuma ya ua kinahama karibu sentimita 90 kwenda kulia. Sentimita 10 ni upana wa kiganja! Ndoo ya bluu, kamba ya nguo au doa la jua kwenye ukuta vinaweza kukaa palepale vilipo, wewe ndiye wa kusogea. Na ukishuka au kupanda kwa kiganja hichohicho, hesabu ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, macho yaache ua kidogo yazunguke pembe nne za kioo, ndiko takataka zinakojificha.

Kuhusu ukungu: lenzi kuu ya simu nyingi haikazi fokasi chini ya sentimita 10 hivi, na simu zenye kihisi kikubwa (kile kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi) zinataka 15 hata 20. Wewe ulikuwa unalisogelea ua kama mtu anayelinusa. Rudi nyuma hadi sentimita 30, halafu bonyeza 2x, ile ya kukuza mara mbili. Utapata fokasi, na utapata pia umbo sahihi. Ukiwa sentimita 10 kutoka petali ya mbele, na petali ya nyuma iko sentimita 5 zaidi, ya mbele inatoka kubwa mara moja na nusu ya mwenzake. Ukiwa sentimita 30, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 17 hivi. Ndiyo maana waridi lililopigwa kwa kubanwa linafanana na kabichi.

Tahadhari moja: baadhi ya simu, ukizisogeza karibu, zinahamia zenyewe kwenye lenzi pana. Utaona picha inaruka kidogo kwenye kioo. Lenzi hiyo inakaza fokasi kwa karibu kweli, ila inameza bustani nzima nyuma ya ua, bomba likiwemo. Izime kwenye mipangilio au rudi nyuma hadi picha iruke tena. Na futa lenzi kwa kitambaa laini, maana picha yako ya tatu ina utando wa mafuta ya vidole.

Hibiskasi hupigwa upande gani? Natumia kamera ya kihisi cha fremu kamili na lenzi ya makro, ya kupigia vitu kwa karibu, ya milimita 100. Nikikaza fokasi kwenye ncha ya kile kimlingoti cha katikati, petali zinapotea. Nikikaza kwenye petali, ncha inakuwa pamba. Tundu la lenzi nimeliacha f/2.8 kama nilivyoelekezwa. — E.M., Ilboru, Arusha

Aliyekuelekeza f/2.8 alikuwa na uso wa mtu akilini, si ua. Tupige hesabu. Hibiskasi yako ina upana wa sentimita 12, nawe unaliweka ua lote kwenye fremu na kuacha nafasi kidogo pembeni. Kwa umbali huo, f/2.8 inakupa kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu itakayotoka na makali, cha milimita 6 hivi. Namba ikikua tundu linafungwa: ukifunga hadi f/8 unapata milimita 17 hivi, f/11 unapata milimita 23, na f/16 unafika sentimita tatu na nusu hivi. Kimlingoti chenyewe kimechomoza sentimita 6 hadi 8 kutoka kooni mwa ua. Yaani ukilitazama ua uso kwa uso, hakuna tundu la lenzi litakalokaza ncha na koo kwa pamoja. Ukiendelea kufunga hadi f/22, mwanga unaopenya tundu dogo hivyo unatawanyika na picha nzima inapoteza makali.

Dawa ni kugeuza pembe. Zunguka hadi ulione ua kwa ubavu, kimlingoti kikiwa kimelala mbele yako kama kalamu mezani. Mgongo wa kamera uwe sambamba nacho. Sasa kile kitu kirefu cha sentimita 7 hakikuelekei tena, bali kimelala ndani ya ukanda mmoja wa fokasi, na f/8 inakitosha chote. Utashangaa yaliyomo: kileleni vitufe vitano vya mahameli, kila kimoja kwenye kijiti chake, na chini yake kichaka cha nyuzi fupi zenye vichwa vya chavua ya njano. Petali zilizo nyuma zitalainika na kubaki rangi, na hapo ndipo pake.

Ubavu kamili una hasara yake: unaficha koo, lile doa jekundu la ndani ambalo kwa hibiskasi nyingi ndilo uzuri wenyewe. Sisi tunapendelea robo tatu. Anzia ubavuni, kisha rudi kuelekea mbele taratibu hadi nusu ya koo ianze kuonekana, usimame hapo. Funga f/11, fokasi iwekwe theluthi ya kwanza ya kimlingoti kutoka nchani. Ikibidi kitu kipotee, kipotee shina la kimlingoti, kamwe si vile vitufe vitano, kwa sababu jicho la mtazamaji litatua hapo kwanza.

Ukitaka uso kwa uso hata hivyo, basi kubali kupoteza. Fungua f/4, kaza vitufe peke yake, na hakikisha ncha haikai juu ya doa la kooni, maana nyekundu juu ya nyekundu haionekani. Sogea sentimita mbili tatu hadi ncha iangukie kwenye sehemu nyepesi ya petali.

Mwisho, hibiskasi nyingi huishi siku moja. Ua lililofunguka asubuhi linaanza kukunjamana jioni. Ipige kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na kabla ya hapo chukua brashi laini ya rangi za maji upanguse chavua iliyodondokea petali. Kwa macho huioni. Kwenye makro inafanana na ukurutu.

Nimefundishwa ua lisikae katikati ya picha, liwe kwenye mistari ya theluthi, ile inayoigawa picha mara tatu. Lakini alizeti yangu naiona nzuri ikiwa katikati. Nani mkweli? — Msomaji, Kiboriloni, Moshi

Wewe. Ua la duara kamili, kama alizeti, dalia au frangipani, lina haki ya kukaa katikati, mradi kamera iwe imelikabili sawasawa na ua lijaze fremu. Likipotoka nyuzi kidogo, litaonekana kama kosa. Ama likabili barabara, ama geuka kwa ujasiri.

Ua lenye mwelekeo, kama yungiyungi au lile lenye kichwa cha ndege, ndilo linalohitaji theluthi. Washa gridi, liweke kwenye mstari wa upande mmoja, na nafasi tupu iwe upande linakotazama. Likitazama ukingo wa picha kwa karibu, mtazamaji naye anatoka nalo nje. Kuhusu kukata: kugusisha ncha ya petali kwenye ukingo ndiyo kasoro tuliyoikuta kwenye barua nyingi kuliko zote. Acha nafasi ya upana wa kidole, la sivyo kata bila huruma, theluthi nzima ya ua itoke.

Waridi langu jekundu linatoka kama plastiki, mikunjo haionekani kabisa. Nikienda kwenye meupe, nayo yanaungua. — Kijana wa Majengo, Moshi

Kamera hupima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Nyekundu nzito ya waridi hujaa kwenye sehemu nyekundu ya kihisi mapema, wakati kijani na bluu bado ziko chini, hivyo kipimo cha jumla kinasema mambo salama. Ikishajaa, petali ya mbele na kivuli cha mkunjo wake zinaandikwa namba ileile, ndiyo plastiki unayoiona. Punguza mwanga kwa 0.7 hadi 1 kamili kwenye kile kipimo cha +/- cha kamera. Kwenye simu, gusa ua na kushikilia sekunde moja au mbili hadi fokasi na mwanga vijifunge, halafu teremsha ile alama ya jua mpaka mikunjo irudi. Kama kamera yako ina histogramu ya rangi tatu, yaani mchoro wa kiasi cha mwanga wa kila rangi, iangalie ile nyekundu peke yake. Na unapohariri, acha kuongeza ukolezi wa rangi. Nyekundu haihitaji msaada.

Meupe yana kesi mbili zinazopingana, ndiyo maana ushauri wa mtaani unakuchanganya. Waridi jeupe moja dogo mbele ya majani meusi linaungua, kwa sababu kamera inahangaika kuyaangaza majani. Hapo punguza 0.7. Waridi hilohilo likijaza fremu yote linatoka la kijivu kama shuka lisilotiwa buluu, maana kamera inadhani weupe umezidi. Hapo ongeza 0.7 hadi 1.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nafasi ya bustani naipata saa sita hadi saa nane mchana, wajukuu wakiwa shule. Kila mtu ananiambia huo si wakati wa picha. Niache? — Shanty Town, Moshi

Shikamoo mwalimu. Usiache, ila wanaokuonya wana sababu. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini ya ikweta. Mwezi Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linakaa utosini kabisa, na miezi mingine haliko mbali na hapo. Mwanga wa juu namna hiyo unapiga petali za juu na kuziacha za chini gizani. Jua la huku hupanda upesi pia, karibu nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ule mwanga laini wa asubuhi umeshakwisha saa tatu.

Tengeneza kivuli cheupe. Chukua kipande cha pazia jepesi jeupe au chandarua cheupe kilichochakaa, ukikunje mara mbili, ukikaze kwenye henga ya waya uliyoipanua iwe duara. Kishike juu ya ua, sentimita 20 hadi 30. Kadiri kilivyo karibu ndivyo mwanga unavyolainika, mradi kisiingie kwenye picha. Upande wa chini weka karatasi nyeupe ya A4, au pakiti ya maziwa iliyopasuliwa, ule upande wa ndani unaong'aa, irudishe mwanga kwenye petali za chini. Pakiti ina nguvu kuliko karatasi. Ikizidi, irudishe nyuma kidogo.

Wengi hukwama hapa: ua liko chini ya pazia, lakini nyuma yake jua bado linawaka. Picha inatoka na ua la huzuni mbele ya tanuri. Chagua pembe ambayo nyuma ya ua pana kivuli cha mti au cha baraza. Ukikosa, mjukuu mmoja akirudi mapema asimame aitie kivuli sehemu ya nyuma kwa mwavuli mweusi.

Kuna pembe moja ambayo mchana ndio wakati wake: kutoka chini. Lala chini ya bogenvilia utazame juu. Vile tunavyoviita maua yake ni majani yaliyogeuka rangi, membamba kama karatasi, na jua likiwa nyuma yake yanawaka kama vioo vya kanisani, mishipa yote ikionekana. Maua ya kweli ni vile vimirija vidogo vyeupe vitatu vya katikati, fokasi ikae hapo. Hapa ongeza mwanga kwa 1, la sivyo anga italitia ua giza. Juni na Julai, mawingu yanapotanda kutwa, hutahitaji pazia wala pakiti. Ila liepushe anga jeupe na fremu, halina kitu cha kutazama.

Nataka ua liwe mbele na Kilimanjaro nyuma. Kila nikijaribu, ua linakuwa kubwa na mlima unakuwa kichuguu. — G., Rau, Moshi

Mlima haukupungua, kaka, wewe umelikaribia ua kupita kiasi ukiwa na lenzi pana. Kutoka mjini Moshi hadi kilele cha Uhuru ni takriban kilomita 30, na tofauti ya kimo inakaribia mita 5,000. Kwa macho hiyo ni pembe ya nyuzi 9 tu juu ya upeo. Lenzi kuu ya simu ikishikwa kwa ulalo inachukua nyuzi 50 na zaidi kutoka chini hadi juu, kwa hiyo mlima mzima unapewa sehemu moja ya sita ya picha, na theluji yenyewe ni ukucha.

Ukirudi nyuma hatua moja au mbili, mlima haubadiliki kwa kuwa kilomita 30 hazijali hatua yako, lakini ua linapungua. Kisha ukikuza, vyote viwili vinakua pamoja. Kwa hiyo, kama ulikuwa sentimita 30 kutoka kwenye ua kwa 1x, rudi hadi sentimita 90 utumie 3x. Ua litatoka na ukubwa uleule wa mwanzo, na mlima utakuwa mara tatu, karibu nusu ya kimo cha picha. Simu yako ikiwa na 2x tu, simama sentimita 60. Ukuzaji uwe wa lenzi, si ule wa kuvuta kwa vidole baada ya namba kuisha.

Kimo nacho kina kazi. Ua likae chini ya mabega ya mlima au pembeni yake, lisiingie kwenye theluji. Shuka ukiona ua liko chini mno, inuka ukiona linafunika Kibo, kile kilele chenye theluji. Nyuzi 9 ni finyu, kwa hiyo kwa 90 sentimita, kupanda au kushuka sentimita 5 tu kunabadilisha picha nzima.

Je, vyote vikae kwenye fokasi? Kwa simu vitakaribia. Kwa kamera kubwa, chagua. Lenzi ya milimita 24 kwenye f/16, fokasi ikiwekwa mita 1.2, inakaza kila kitu kuanzia sentimita 60 hadi mlimani, lakini ndio mlima ule mdogo. Lenzi ya milimita 70 inakupa mlima mkubwa uliolainika, hata ukifunga f/11. Maoni yetu: chukua huo uliolainika. Kibo inajulikana kwa umbo lake hata ikiwa na ukungu, na picha yenye vitu viwili vinavyogombea makali haina mwenyewe.

Kuhusu wakati, wakazi wa Rau hamhitaji kuambiwa: mlima hujifunika asubuhi ikishakomaa na mara nyingi hufunuka tena jioni. Kwa kuwa uko kaskazini mwenu, Desemba na Januari jua linapita upande wa kusini na kuuangaza uso mnaouona. Juni na Julai linapita kaskazini, na uso huo mchana unabaki kwenye kivuli chake. Asubuhi ua lako likiwa kivulini, lirudishie mwanga kwa pakiti ya maziwa, maana theluji imeshawaka na kamera itaipendelea.

Upepo wa huku haukomi. Ua halitulii hata sekunde. — Ngaramtoni, Arusha

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka, isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, na ili uifikie pandisha ISO, ule wepesi wa kihisi kushika mwanga, hadi 800 bila hofu, chembechembe kidogo ni afadhali kuliko ua lililotikisika. Funga vibanio viwili vya nguo kwenye kijiti, kimoja juu na kingine katikati. Kijiti kichomeke udongoni, kibanio kimoja kikishike kikonyo chini ya fremu, kipande cha sponji kikiwa katikati kisije kikakivunja. Mwavuli uwe upande unakotoka upepo. Halafu subiri. Upepo huja kwa mafungu, na ua likibembea husimama kidogo kila mwisho wa mbembeo. Simu ikiwekwa kwenye kupiga mfululizo, katika picha kumi moja itaangukia hapo.

Mijakaranda ya mtaani kwetu inatoka ya bluu kwenye picha, si zambarau. Na ile zulia ya maua iliyoanguka barabarani haipendezi kama ilivyo. — Dada wa Sekei, Arusha

Rangi ya jakaranda ni mtihani kwa kamera nyingi, kwa sababu wekundu kidogo ulio ndani yake, ambao macho yanaushika, kihisi kinauona kwa uchache. Kivulini inazidi, kwani mwanga wa kivuli wenyewe una buluu. Ondoa mizani ya rangi kwenye otomatiki, iweke kwenye alama ya mawingu. Ikibaki na buluu, kwenye uhariri sogeza ule mstari wa pili wa rangi kuelekea waridi kidogo kidogo, hadi lami ianze kuona haya, kisha rudi nusu.

Nyuma ya jakaranda usiweke anga la bluu safi. Kadi za posta hufanya hivyo na rangi mbili zinamezana. Wingu zito la mvua, ambalo Oktoba na Novemba halina uhaba Arusha, au kijani cheusi cha mti mwingine, vinaifanya iwake. Ukipata baraza la ghorofa ya pili, afadhali zaidi, kwani unaukabili mti usoni badala ya kuutazama kidevuni.

Zulia lile linakufa ukilipiga umesimama, kwa kuwa unaona nafasi zilizo kati ya ua na ua. Geuza simu kichwa chini, lenzi iwe upande wa ardhi, uiteremshe hadi sentimita 5 juu ya lami. Kwa pembe ya chini hivyo maua yanabanana, nafasi zinajificha, na barabara inageuka mto. Weka fokasi kwenye ua moja lililosimama vizuri, mita moja hivi mbele. Na tafadhali, awepo mtu wa kukuangalizia bodaboda.

Nauza miche ya maua kando ya barabara. Napiga picha nawatumia wateja WhatsApp, wananiambia picha ni mbaya au mche ni mdogo kuliko walivyoona. Nifanyeje? — Mwenye kitalu, Tengeru

Picha ya kuuzia ina sheria zake, na nyingi ni kinyume cha tuliyosema juu. Hapa mteja anataka ukweli wa umbo. Simu iwe wima, usawa wa katikati ya mche, si juu wala chini. Ukiipiga kutoka juu mche unafupika na kopo linatoweka, ukiipiga kutoka chini mche wa sentimita 30 unafanana na mti, ndipo malalamiko yanapoanzia. Simama mita moja na nusu utumie 2x. Nyuma yake tundika kitambaa cha rangi moja isiyong'aa, kijivu au maziwa, kiwe nusu mita nyuma ili kivuli cha mche kisikiangukie. Kanga nzuri ibaki nyumbani, maua yake yatagombana na yako.

Kwa kila aina piga tatu: mche mzima na kopo lake, ua moja kwa karibu, na upande wa chini wa jani, kwa sababu mnunuzi mzoefu anatafuta wadudu hapo na ukimwonyesha bila kuombwa anakuamini. Chagua ua lililofunguka siku hiyo, na matumba mawili matatu yaonekane, ili ajue bado lipo la kesho.

Ubaya unaolalamikiwa unaweza usiwe wako. WhatsApp hubana picha zinapotumwa kwa njia ya kawaida. Bonyeza alama ya HD kabla ya kutuma, au itume kama dokumenti. Na kwenye ile picha ya mche mzima, simamisha pembeni ya kopo chupa ya maji ya nusu lita, umeibandua lebo. Kila mteja anaijua chupa hiyo kwa mkono wake.